Chembe Sahani

Daktari Kezia alichora moyo wangu nyuma ya kadi ya kliniki.
Ni kama bomba, Mzee Ndahani, akasema. Limeziba.
Nikamwambia mabomba nayajua:
miaka ishirini na sita nazibua mipira ya matone
katika mashamba ya zabibu ya Hombolo.
Maji yetu yana chumvi, huacha ukoko mweupe;
unapitisha waya, unapuliza, yanatiririka, unakwenda kula.
Bomba halijui kwamba limeguswa.

Mshipa unajua, akasema.

Kwa hiyo kabla ya waya, vidonge.
Vinane vya rangi ya waridi, vya kumeza kwa mkupuo,
na vingine vyeupe vya kutafuna, vikali kama zabibu changa.
Nilidhani vitanilaza. Havikunilaza.
Nilikuwa macho walipotoboa kifundo cha mkono,
nikauona moyo wangu kwenye kioo:
mzabibu uliopogolewa, mweusi, unarukaruka,
tawi moja limekatika katikati
kama neno la mtu aliyeitwa ghafla.
Wakajaza puto. Wakaacha wavu wa chuma,
urefu wake punje mbili za mchele.
Tawi likajaa hadi ncha.
Nesi akanifuta jasho
kana kwamba mimi ndiye niliyefanya kazi.

Ndani ya damu, daktari alinieleza jioni, kuna chembe sahani.
Nikalirudia neno lile kimoyomoyo. Sahani.
Zikiona jeraha hukimbilia
kama majirani waliosikia yowe,
hushikana mikono, huitana, hukaa, hawaondoki.
Majirani wema. Mara ngapi wameniokoa
mkasi ulipokosa tawi ukapata kidole!
Lakini mlango ule ni mmoja, tena mwembamba;
wakijaa wote na huruma yao
mwenye nyumba hukosa pumzi.
Vidonge husimama njiani, huwaambia:
rudini, hakuna baya, ni fundi tu alipita.

Mwaka mzima, akasema. Usiruke hata siku moja.

Mwezi wa nne nilibeba kreti mbili toka shambani hadi barabarani
bila kutua, nikaanza hesabu za kijinga.
Mtu haumwi, anakula, anagombana na madalali,
kwa nini kila mwezi ameze bei ya kreti hizo hizo?
Sechelela hakubishana nami.
Alivihamishia vidonge juu ya kopo la chumvi,
na kwetu mlenda hauliwi bila chumvi.

Mwezi wa tano, jino.
Siku tatu sikulala. Bwana Chilewa wa zahanati
aliligonga kwa kijiko, nikaona nyota mchana.
Acha zile dawa wiki moja, akasema,
damu isije ikatusumbua, kisha uje nikung'oe.
Lilisikika kama shauri la busara.
Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi: wiki nzima ya mapumziko!
Sechelela alikwisha kutoka na simu,
amepanda kichuguu, pale penye mtandao.
Akarudi na maneno mawili ya daktari:
Asiache. Ang'olewe.

Damu ilikuja bila adabu.
Niliuma pamba toka adhuhuri mpaka mbuzi waliporudi,
Bwana Chilewa kila mara akichungulia, akibadilisha, akiguna,
nami natema wekundu juu ya vumbi jekundu.
Kwanza niliogopa.
Halafu nikawaza: yowe limepigwa, na majirani
wamekaa majumbani mwao, wanasikiliza, hawaji.
Basi hata kule ndani, kwenye punje zangu mbili za mchele,
pako kimya. Panapitika.

Giza lilipoingia ikawa inadondoka tu, kisha ikachoka.
Sechelela akaleta uji uliopoa. Akaleta na kopo.
Cha waridi cha siku ile kilikuwa bado.
Nikakipitisha upande usiouma.